Mbavu za Idi, na jani linalonuka kafuri

Mama alichukua kijitawi cha rozmari kilichokuwa kwenye ubao wa kukatia, akakifikicha kwa vidole viwili, akanusa. Akakirudisha palepale, taratibu.

"Mwanangu, jani hili linanuka kafuri. Utatutilia kafuri kwenye chakula cha Idi?"

Sikuwa na jibu. Nina miaka kumi na minne hapa Bradford, Uingereza, na tangu watoto waanze shule kila Idi napika nyama hii: mbavu za ng'ombe zinazookwa nzimanzima, juu zimevikwa majani. Sijawahi kuisikia kafuri kwenye rozmari. Nikakichukua kijitawi nikanusa tena, safari hii nikimfikiria yeye. Ni kweli. Mafuta ya rozmari yana kafuri ndani yake, kafuri hasa, si harufu ya kufanana tu. Na kwa mwanamke wa Tanga aliyemwosha mama yake mzazi na dada zake wawili kwa mikono yake, kafuri ni ya maji ya mwisho ya maiti. Huwezi kumwambia mtu kama huyo azibe pua ale.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 29 Machi 2025, kwetu Ramadhani 29 na kwa jirani zetu 28, kwa sababu hapa kila msikiti una mwezi wake. Mama alikuwa amekuja Uingereza kwa mara ya kwanza. Nilitaka aile nyama hii zaidi ya nilivyotaka aione London.

Nilijifunza kuipika kazini. Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kila Jumapili ilikuwa lazima nyama ya kuoka iwepo mezani, na viazi, na mchuzi mzito wa kahawia. Wapo wazee waliokuwa hawajui tena ni siku gani, lakini harufu ile ikiingia ukumbini wanajua kuwa leo Jumapili. Mpishi mkuu, bibi wa makamo, alinikabidhi kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama akaniambia nisiwe naiuliza saa, niiulize nyama. Akanionyesha pa kuchomeka: katikati kabisa, mbali na mfupa, maana ukigusa mfupa namba inakudanganya.

Bucha ninakonunua ni ya Wapakistani, watu wa asili ya Mirpur, kama zilivyo bucha nyingi za halali mjini hapa. Muuzaji huniuliza kila mwaka, "Nikukatie vidogo vidogo?" Kama Tanga kabisa. Wateja wake wanapika mchuzi, na mchuzi unataka vipande. Namwambia hapana, nataka mbavu tatu zilizoshikana, kilo tatu hivi, zile za mgongoni. Miguu ndiyo inayombeba ng'ombe na kumtembeza, kwa hiyo muundi na paja vina nyuzi ngumu zinazotaka kuchemshwa saa nzima au mbili. Nyama ya mgongoni haina kazi nzito. Hiyo ndiyo unayoweza kuipa moto mkavu ikabaki laini.

Kuna jingine ambalo mama hakuliamini: kwamba nyama ile ilitundikwa kwenye chumba cha baridi wiki tatu kabla ya kuuzwa. "Wiki tatu! Si imeoza?" Haiozi, inalainika yenyewe polepole. Nyumbani ng'ombe wa nundu, aliyetembea malishoni maisha yake yote, anachinjwa alfajiri na adhuhuri yuko sufuriani. Ndiyo maana tunamchemsha kwanza, tunampaka papai bichi na tangawizi. Mapishi yetu yanajua ng'ombe wetu ni wa namna gani, na mimi sitaki mtu ayaite ya kizamani.

Chumvi niliipaka Ijumaa usiku baada ya tarawehe, kijiko kimoja cha chai kwa kila nusu kilo, nyama nikaiweka kwenye friji bila kufunikwa. Mwanzo inatoa maji, halafu maji yale yenye chumvi yanarudi ndani, na juu panakauka. Pakikauka ndipo panapopata rangi. Kwetu sisi faida nyingine ni mwezi. Pilau huwezi kuipika nusu ukasubiri tangazo, lakini mbavu zilizotiwa chumvi Ijumaa zinaweza kuliwa Jumapili au Jumatatu, na Jumatatu ni tamu vilevile. Baada ya kufuturu ujumbe ukaingia kwenye simu: Idi ni kesho.

Usiku ule ndipo tulipokaa mimi na mama kuamua majani. Nilikuwa tayari kuitoa rozmari yote. Akasema, "Usiitoe, wajukuu wameizoea. Ila isiwe ndiyo bwana wa chungu." Basi vijitawi viwili nikavitenga viende chini ya trei, chini ya mifupa, na cha tatu nikakiacha kwenye glasi ya maji. Ganda lenyewe la kuivika nyama likawa la taimu, pasli na giligilani, limau lililokunwa ganda lake la njano tu, na chenga za mkate uliokauka. Mama akachukua kinu. Akatwanga kitunguu saumu kichwa kizima na pilipili manga mpaka vikawa kitu kimoja, akaongeza jira kidogo bila kuniuliza. Nikachanganya vyote na mafuta ya zeituni, vikashikana kama mchanga mbichi.

Kinachoyagandisha majani kwenye nyama ni haradali. Hapa soma lebo, ndugu yangu Mwislamu. Haradali laini ya Kifaransa, ile ya mtindo wa Dijon, mara nyingi hutengenezwa kwa mvinyo mweupe. Mimi natumia unga wa haradali wa Kiingereza nikaukoroga mwenyewe na maji.

Na majani hayaingii mwanzo. Mwaka wa kwanza niliyapaka tangu nyama ikiwa mbichi, nikawasha oveni nyuzi 220, na baada ya saa moja na nusu nilikuwa na mkaa mchungu juu ya nyama nzuri. Kitunguu saumu kikiungua uchungu wake hauna dawa. Nililia siku ile, maana nilikuwa nimealika watu na pesa ya nyama nyingine sikuwa nayo. Siku hizi naanza kwa kikaango kizito cha chuma: nyama nzima, pande zote, mpaka iwe kahawia. Halafu oveni ya nyuzi 120 tu, kama saa tatu, mpaka katikati pafike 55. Naitoa ipumzike. Ndipo napaka haradali, nakandika majani kwa viganja, nairudisha kwenye moto wa 230 kwa dakika nane au kumi. Majani yanabaki na ukijani wake, chenga zinakuwa kavu za kutafunika.

Asubuhi ya Idi niliiingiza saa tatu, nikaenda kuswali na watoto. Mama magoti yanamsumbua, akabaki. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kiti mbele ya oveni, tasbihi mkononi, anatazama kupitia kioo. "Moto wako huu," akasema, "hata chai hauchemshi." Lakini hakuugusa.

Nilichosahau ni saa. Usiku ule ndio Uingereza inaposogeza saa mbele kwa kiangazi, Jumapili ya mwisho ya Machi, na mwaka ule ikaangukia Idi. Simu zilijibadilisha zenyewe. Saa ya oveni haikubadilika, na mimi nikawa napanga kwa kuitazama hiyo. Nilidhani nina zaidi ya saa mbili mkononi mpaka wageni, kumbe wageni ni wa saa nane na saa ilikuwa saba kasorobo. Kipimajoto ndicho kilichonistua: nyama iko 55 tayari. Ningeifuata saa ya ukutani mwa oveni, ningeipikia saa nyingine nzima. Nikaitoa, nikaifunika kwa foili, na ikapumzika kwa muda mrefu kuliko kawaida bila kudhurika, joto lake likiendelea kupanda kidogo lenyewe. Viazi ndivyo vilivyochelewa. Pilau mama alikuwa ameshaikalia yeye.

Wageni walitoka Leeds na Huddersfield, tukawa watu kumi na wanne. Watoto wakampa bibi shikamoo, wakapewa mkono wa Idi, pauni mbilimbili alizozikunja ndani ya kitambaa kama anavyokunja mia tano nyumbani. Binti yangu alitoa vile vyakula vya huku kwetu Yorkshire vya unga, mayai na maziwa vinavyofura kwenye mafuta ya moto, na bibi yake akavipa jina papo hapo: vitumbua vya chumvi.

Nikakata. Ubavu wa kwanza wa pembeni ni wa kahawia mpaka ndani. Kisu kilipofika katikati rangi ikawa waridi, na maji mekundu yakatambaa kwenye ubao. Mama akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, hii bado ina damu."

Meza ikatulia. Shemeji yangu, anayesomesha madrasa mwishoni mwa wiki, akamjibu kwa adabu sana. Damu iliyoharamishwa, akasema, ni ile inayomwagika, imo kwenye Surat Al-An'am, aya ya 145. Na ile ilishatoka kwenye kuchinja. Nami nikaongeza ninachokijua: maji haya mekundu rangi yake inatokana na mayoglobini, kitu kinachoishikia misuli hewa ya oksijeni, na ukiipika sana nyama rangi hiyo inageuka ya kijivu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza kwamba akiwa msichana, jirani yao Pangani alitokwa na tegu mrefu kama kamba ya kutekea maji, na mganga wa zahanati akawaambia wanawake wote wa mtaa wapike nyama mpaka ndani. Ametii miaka hamsini na zaidi, na katika nyumba yake hakuna mtoto aliyepata tegu. Nilimtazama mama yangu na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimejiandaa kumfundisha. Minyoo ile inakaa ndani ya nyama ya ng'ombe kweli, na moto ndio unaoiua. Hapa mamlaka ya chakula inaruhusu nyama nzima ya ng'ombe iliwe ya waridi ndani mradi nje imeiva vizuri, kwa kuwa vijidudu hukaa juu, lakini nyama ya kusaga inashauri iive mpaka ndani. Ila hapa kuna ukaguzi na majokofu tangu machinjioni. Mama alipika kulingana na bucha aliyokuwa nayo.

Nikampa ubavu wa pembeni, ule ulioiva mpaka mfupani, wenye ganda pande mbili. Hilo ndilo ninaloipendea nyama hii kwenye meza ya ukoo: ina kila aina ya mlaji ndani yake. Wanangu wanagombea katikati, wazee wanapewa ncha, na hakuna anayelazimishwa. Mama akala na pilau, kwa mkono, kimyakimya. Akalibandua ganda la majani likaisha kwanza, nyama ikafuata. Akaniuliza kama limebaki jingine.

Jumatatu, Idi pili kwetu na Idi mosi kwa jirani, niliamka alfajiri nikakuta jiko lina mvuke. Mama alikuwa ameitoa mifupa kwenye friji, ameivunja pingili, ameitia sufuriani na kitunguu, tangawizi na pilipili nzima mbili. Jani moja la rozmari lilikuwa limenata kwenye ubavu, linaelea juu ya supu. Akaliteka kwa upawa, akalitazama kwenye mwanga wa taa. Akalirudisha sufuriani.

"Nipe ndimu," akasema, "na uwaamshe watoto."