Uzio wa Point Reyes na swali la Bibi

Septemba 10, 2016, alasiri, tetemeko la ardhi liliuangusha ukuta wa jiko la Bibi, Hamugembe, Bukoba. Mwenyewe alikuwa uani akimenya ndizi, ndiyo maana ninaye hadi leo. Usiku ule mji mzima ulilala nje. Tukiwa kwenye mkeka, akaniuliza: "Mjukuu wangu, wewe uliyesoma, huko chini kuna nini?" Nikamjibu yale ya shuleni, kwamba miamba inakatika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Umejuaje?"

Swali hilo nililibeba miaka kadhaa, hadi kazi iliponifikisha California. Jumamosi yangu ya kwanza ya mapumziko nikapanda basi dogo San Rafael, tukapita chini ya miti mirefu ajabu, ukungu umeshuka hadi barabarani, nikateremka Bear Valley, karibu na kijiji cha Olema. Hapo ndipo Hifadhi ya Point Reyes inapoanza.

Njia yenyewe ni fupi, kama kilomita moja tu. Nguzo za buluu zimesimikwa kwenye nyasi kuonyesha unapopita ufa wa San Andreas, yaani mkatiko mrefu wa miamba ya ardhi. Mbele kidogo nikauona uzio wa mbao. Unakuja moja kwa moja, unakoma ghafla, halafu unaendelea mahali pengine, karibu mita 5 upande wa kaskazini. Kabla ya tetemeko kubwa la San Francisco, saa 11 na dakika 12 alfajiri ya Aprili 18, 1906, ulikuwa uzio mmoja ulionyooka. Mbao za sasa zimewekwa upya, lakini pengo limeachwa vilevile. Nilisimama katikati yake muda mrefu, mkono mmoja huku, mwingine kule, na haikufikia.

Mwaka ule mwanajiolojia G. K. Gilbert alizunguka eneo hili akipima nyua na njia zilizokatika na kuzipiga picha. Wenzake, chini ya Andrew Lawson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliufuata ufa huo kwa zaidi ya kilomita 400. Enzi hizo wataalamu wengi bado waliamini kwamba ufa huletwa na tetemeko, kama nyufa za ukuta wa Bibi. Mwanajiolojia Bunjiro Koto wa Japani alikuwa amekwisha kusema kinyume baada ya tetemeko la huko la 1891: ardhi hukatika kwanza, na mkatiko huo ndio mtikisiko.

Aliyeonyesha namna inavyotokea ni mwanasayansi wa Marekani, Harry Fielding Reid, na ndiye niliyemfuata hadi hapa. Reid alichukua vipimo vya wapima ardhi vya tangu miaka ya 1850, akavilinganisha na vilivyopimwa upya baada ya tetemeko. Akakuta kwamba sehemu za mbali, huku na huku ya ufa, zilikuwa zimepishana zaidi ya mita 3 katika miaka 50 hivi, polepole, bila mtu kuhisi. Ardhi ilikuwa inapinda. Mwaka 1910 akaandika hitimisho lake: mwamba hupinda hadi ushindwe, hukatika penye ufa, na kila upande hurudi kunyooka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho tetemeko. Mimi naona uzuri wake uko kwenye subira ya wale wapimaji wa mwanzo, ambao hawakujua kwamba wanalipimia tetemeko.

Jioni nikampigia Bibi simu. Baada ya shikamoo nikamwambia achukue fito, aikunje taratibu kwa mikono miwili. Nikasikia ikikatika, "kwa!" Nikamweleza kwamba kila kipande kimenyooka tena, na mikono yake imetetemeka. Nikamweleza na uzio. Nikamwambia pia kwamba kwetu ni tofauti kidogo, ardhi inavutwa pande mbili badala ya kupishana, na mkatiko wa 2016 ulikuwa chini sana, kama kilomita 40, ndiyo sababu hatukuona mstari wowote shambani.

"Sawa," akasema. "Fito nimeikunja mimi. Na ardhi, anayeikunja ni nani?"

Reid naye alifika hapo akakwama; jibu lilisubiri hadi miaka ya 1960. Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza Bibi habari za mabamba ya dunia, vile vipande vikubwa vya ganda lake vinavyosogea polepole.