Kuta za Chumba cha Jirani

Mwaka 2003 nilikuwa mwalimu mgeni kwenye shule ya msingi iliyozungukwa na mashamba ya mkonge, upande wa Korogwe, nikafundisha hisabati Darasa la Tano. Watoto wengi walitoka kambini, kwenye zile nyumba ndefu za wafanyakazi ambazo vyumba vyake vimepangwa mstari mmoja, kila chumba kikipakana na cha jirani kwa ukuta mmoja tu. Nilizipita kila asubuhi nikienda kazini.

Siku moja nilichora ubaoni jedwali la safu mbili. Juu ya safu ya kushoto niliandika "Inaingia", juu ya ile ya kulia "Inatoka". Kila dawati lilikuwa na rundo la njiti za kiberiti, nikawaambia wajenge miraba inayopakana. Mraba mmoja ulikula njiti 4, miwili njiti 7, mitatu 10, minne 13. Nikauliza, je mitano?

"Kumi na sita!" darasa zima likaitika.

Walikuwa wanateremka safu ya kulia huku wakiongeza tatu, tatu. Si kosa, na mtoto anayeliona hilo ameanza vizuri. Ila anayeteremka analazimika kukanyaga kila ngazi, hawezi kuruka hata moja. Mimi nilitaka wavuke: washike namba ya kushoto, waulize imefanywa nini hata ikazaa ile ya kulia iliyo kwenye mstari wake. Kwa hiyo kazi ya daftari ikawa miraba 20. Waandike jibu, na chini yake waandike kanuni waliyoitumia.

Usiku nikasahihisha kwa taa ya chemli. Wengi waliandika 65. Niliona walikopita: miraba minne inataka njiti 13, ishirini ni nne mara tano, basi 13 mara tano. Mtego huo huwanasa hata watu wazima. Wengine waliteremka ngazi zote, 4, 7, 10, 13, mpaka ukurasa ukajaa; baadhi wakafika 61 salama, baadhi wakateleza njiani wakaishia 58 au 64. Wachache waliandika 20 × 3 + 1, kama nilivyoandika mimi kwenye andalio langu la somo.

Halafu nikafika kwenye daftari la binti mmoja wa dawati la nyuma, mkimya sana. Aliandika: 4 + 19 × 3 = 61.

Hiyo 19 sikuielewa. Kwenye swali hapakuwa na 19 popote. Nikajiambia kwamba ameona 61 kwa jirani yake, kisha akatafuta namba za kumfikisha pale. Nikaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, nikafungua daftari lililofuata.

Asubuhi alinisubiri mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani mwalimu, naomba kuuliza. Hapa nimekosea wapi?"

"Hii kumi na tisa umeitoa wapi?"

"Ni vyumba vilivyobaki, mwalimu."

Mimi nilikuwa nimesema miraba. Yeye alikuwa ameona vyumba. Akachuchumaa, akapanga njiti sakafuni. "Baba ni fundi, anajenga nyumba. Chumba cha kwanza anakijengea kuta nne. Cha pili, ukuta mmoja ni wa jirani, upo tayari, kwa hiyo anajenga tatu. Cha tatu, tatu. Vyumba ni ishirini. Nikitoa kile cha kwanza vinabaki kumi na tisa."

Nilikaa kimya. Mtoto alikuwa amevuka kama nilivyotaka, tena akijua kila namba inasimamia ukuta upi, nami nikamhukumu kuwa mwizi wa jibu. Bado inaniuma ninapokumbuka kwamba wengine wengi wangelichukua daftari lao wakaenda zao, wakaamini wamekosa.

Nikampeleka ubaoni aeleze tena. Mvulana mmoja wa dawati la mbele hakukubali; yeye alikuwa na 65 yake na akaitetea. Nikamwambia aijenge. Akajenga nyumba tano za vyumba vinne vinne, njiti 13 kila moja, kisha akazisukuma zishikane. Penye kila kiungo kuta mbili zikagusana. Akazitazama muda mrefu. Akaondoa moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Akahesabu kimoyomoyo, akasema kwa sauti ndogo, "Sitini na moja."

Hapo mwingine akanyoosha mkono: yeye angevipa vyumba vyote kuta nne nne, halafu abomoe zilizorudiwa, yaani 20 × 4 − 19. Na mimi nikawaonyesha yangu, kila chumba na kuta zake tatu, mwisho wa nyumba ukuta mmoja wa kufungia. Tukaziandika kanuni tatu chini ya jedwali na kuzijaribu kwa chumba kimoja, kwa viwili, kwa vitano. Zote zilitoa jibu lilelile. Nikachukua lile daftari mbele ya darasa, nikakata alama yangu ya kosa, nikaweka vema kubwa.

Binti hakukaa. Alikuwa bado amesimama na njiti mkononi.

"Mwalimu, na zile za mgongo kwa mgongo?"

Palikuwa na nyumba kama hizo kambini, safu mbili za vyumba zinazopeana migongo, zikichangia ukuta wa kati. Sikuwa na jibu tayari. Tukajenga sote: jozi moja ya vyumba, njiti 7, jozi mbili, 12, jozi tatu, 17. Kengele ya mapumziko ikalia na madawati ya nyuma yakawa yamehamia mbele, vichwa vimesongamana juu ya sakafu, wakibishana ile 2 inayobaki ukishatoa tano tano ni kuta zipi.