Kumbukumbu ya mradi: mikondo ya umeme ya ncha ya dunia, kutoka kibanda cha fundi simu Kirumba, Mwanza

Juni, mwanzo

Tarehe 11 Mei 2024 status zote za WhatsApp zilijaa picha za anga jekundu la Ulaya na Marekani, na maneno ya mwisho wa dunia chini yake. Ilikuwa dhoruba ya sumaku, yaani jua limelipuka na kuitikisa sumaku ya dunia, ya daraja la juu kabisa, G5, ya kwanza ya kiwango hicho tangu Oktoba 2003. Hapa Kirumba anga lilikuwa lile lile la kila siku, na soko la dagaa Mwaloni liliendelea kama kawaida. Mimi picha zile ziliniganda kichwani.

Sumaku nimezizoea. Mteja anakuja analalamika dira ya simu inamwelekeza ziwani badala ya mjini, namvua kava lenye sumaku, namwambia achore nane hewani na simu, kesi imekwisha. Nilitaka kujua dhoruba ile ilionekanaje kwa chombo, achana na macho. Umepita zaidi ya mwaka ndipo nimepata kompyuta inayoweza kubeba kazi.

Juni, siku ya tatu

Chombo nimekichagua: Swarm, setilaiti tatu za Shirika la Anga la Ulaya zilizorushwa Novemba 2013 kutoka Plesetsk, Urusi. Alpha na Charlie zinakwenda ubavu kwa ubavu, Bravo iko juu zaidi. Kila moja inapita karibu na ncha zote mbili, mizunguko kama 15 kwa siku, kilomita 7.6 kila sekunde. Data ni bure. Unajisajili, unapakua, hakuna wa kukuuliza wewe ni profesa wa wapi.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni umbo lake. Ina mkono wa mita 4 uliotokeza nyuma, na vipimasumaku vimewekwa huko mbali ili umeme wa setilaiti yenyewe usivisumbue. Hilo halikuhitaji maelezo kwangu. Kwenye meza yangu ukiweka simu karibu na spika, dira inalewa.

Juni, wiki ya pili

Wiki nzima ya kumenya. Sensa ya simu yangu hapa Mwanza inasoma nguvu ya sumaku ya mikrotesla 33 hivi, yaani nanotesla 33,000. Setilaiti ikiwa karibu na ncha ya kaskazini inasoma zaidi ya 40,000. Karibu yote hiyo ni sumaku ya kiini cha dunia, ambayo siitaki. Ninachokitaka ni mabaki ya mikondo ya umeme ya angahewa ya juu, mara nyingi nanotesla mia chache tu. Ni kama kutafuta sindano kwenye gunia la dagaa wakavu. Ukijumlisha na kutoa vibaya kidogo tu, umetoa na sindano.

Wadenmark wanatengeneza modeli ya sumaku ya dunia inayoitwa CHAOS. Unachukua kipimo, unatoa modeli, kinachobaki ndicho chako. Kwa bahati nzuri hesabu hiyo unaweza kuiagiza ifanyikie kwenye seva ya Shirika la Anga la Ulaya, kompyuta yangu inapokea jibu tu. La sivyo feni yake ingepaa.

Umeme umekatika mara mbili. Bando nanunua la usiku.

Julai, usiku wa ugunduzi

Nimepata kitu! Nimechora siku moja nzima ya Alpha, mabaki ya nguvu ya kuelekea mashariki, na karibu na ncha mstari unaruka kutoka juu kwenda chini kwa ghafla. Mzunguko unaofuata, tena. Nimempigia rafiki yangu saa 7 usiku. Hakupokea, na sasa naona alinistahi.

Julai, kesho yake

Nimekaa na ile grafu mpaka chai ikapoa. Mruko unatokea kila baada ya dakika 47. Ncha ya kaskazini, dakika 47, ncha ya kusini, dakika 47, kaskazini tena. Nikachukua siku nyingine ambayo jua lilikuwa limetulia kabisa, na mruko upo pale pale, kwenye latitudo ya juu kabisa ya mzunguko. Dhoruba gani inafuata ratiba kuliko basi la Dar?

Sijui kosa liko wapi. Nimefunga kompyuta nikarudi kwenye vioo vya watu.

Julai, siku mbili baadaye

Mjomba alipita kuchukua simu yake, iliyokuwa imeingia maji. Ni mvuvi wa dagaa, na kwa kuwa mwezi ulikuwa mpevu alikuwa na muda. Mbalamwezi ikiwaka taa za karabai hazina kazi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hayo ni mawimbi ya nini?"

Nikamweleza: setilaiti inatoa namba tatu, nguvu ya kuelekea kaskazini, ya kuelekea mashariki, na ya kwenda chini. Haipiti juu ya ncha yenyewe, inaikosa kwa kilomita mia tatu hivi. Ikifika hapo namba zinageuka.

Akaangalia kidogo. "Kwani hiyo kaskazini ni nini kwake? Chukua Saanane. Nakwenda nacho kisiwa kiko mbele. Nikikipita kwa karibu, mara kiko ubavuni, mara kiko nyuma. Upepo ni ule ule, mtumbwi haujapinda. Sasa ukiniuliza upepo unatoka upande wa kisiwa au upande wa pili, nitakujibu vipi? Kabla nilisema unatoka kisiwani, sasa nasema unakwenda kisiwani."

Simu yake sikumtoza.

Ndiyo hiyo. Kaskazini maana yake "kuelekea nchani". Ukiwa unaisogelea ncha, kaskazini iko mbele yako. Ukishaipita, iko mgongoni, na mashariki nayo imehama ubavu. Kwa spidi ile mgeuko wote unamalizika kwa dakika chache, na kwenye grafu inayobeba siku nzima unaonekana kama kisu. Uga wenyewe, yaani nguvu ya sumaku pale, haujafanya kitu. Nimeandika upya mistari kumi na kitu ya programu ili mabaki yapimwe kwa mbele ya setilaiti na ubavu wake. Mruko umefutika wote.

Julai, mwisho

Kilichobaki baada ya kusafisha ndicho nilichokuwa nakitafuta, na ni kizuri zaidi. Siku tulivu, kwenye latitudo ya 70 hivi ya kisumaku (inayohesabiwa kwa ncha ya sumaku), mstari wa ubavuni unapanda, unashuka, unatulia. Hapo setilaiti imekata pazia za umeme unaoshuka kutoka angani kwa kufuata mistari ya sumaku, unaosambaa kwenye ayonosfia, tabaka la angahewa ya juu linalopitisha umeme, kilomita mia na kidogo juu ya ardhi, kisha unapanda tena. Mnorway Kristian Birkeland aliyasema haya mwanzoni mwa karne ya 20, akabishiwa kwa miongo, kwa kuwa vipimo vya ardhini peke yake haviwezi kumaliza ubishi huo. Ilibidi setilaiti zipite ndani ya pazia lenyewe.

Hesabu yake imenishangaza kwa wepesi. Tuseme uga wa ubavuni umebadilika nanotesla 500 ndani ya kilomita 100. Unagawa, unagawa tena kwa namba ya sumaku ya ombwe, namba ya fizikia isiyobadilika, unapata mikroampea 4 hivi kwa kila mita ya mraba. Taa ya kuonyesha chaji kwenye simu inakula zaidi ya hapo mara elfu. Lakini pazia lina upana wa kilomita mamia na urefu wa maelfu, ukijumlisha yote unafika kwenye ampea milioni.

Agosti

Hatimaye 10 Mei 2024. Nilianza kwa kukosea saa: data iko kwa saa za Greenwich, na 17:00 yao ni saa 2 usiku kwetu, mimi nikawa nachora mchana wa shwari huku nashangaa dhoruba imekwenda wapi.

Saa 2 na dakika chache usiku mstari unashtuka. Baada ya hapo pazia haziko tena kwenye 70. Zimeteremka chini ya 60, zimetanuka, na mapigo yake yamenilazimisha kubadilisha kipimo cha grafu mara mbili.

Halafu nikaona ambacho sikukitafuta. Kuelekea alfajiri ya tarehe 11, hata setilaiti ikiwa huku kwetu karibu na ikweta, mabaki yamezama karibu nanotesla 400. Ni mkondo mwingine, ule unaoizunguka dunia kwa mbali kama mkanda, ukivimba wakati wa dhoruba na kuipunguza sumaku yetu. Asilimia moja hivi ya ile 33,000. Kumbe dhoruba ilipita hadi Kirumba tukiwa tumelala.

Nimejaribu kuona kama simu ingeweza kuihisi. Nanotesla 400 ni mikrotesla 0.4, na sensa ya simu yangu ikiwa mezani bila kuguswa inacheza zaidi ya hapo.

Zamu ya Charlie sasa, niilinganishe na Alpha ubavu kwa ubavu. Faili ya kwanza imefika asilimia 60 na bando la usiku linaisha saa 12.