Debe la uwele na sharti la haki

Karibu na ninapoishi hapa Nkuhungu, Dodoma, ipo mashine moja ya kusaga, na jioni huja wenye magunia ya mtama pamoja na watoto waliotumwa na debe la uwele. Juzi nilimtazama mtoto mmoja akisogea kila mashine ilipokuwa tupu, na kila mara mtu mzima akamtangulia. Wakati huo nilikuwa nikiandika, kwa lugha ya TLA+ iliyobuniwa na Leslie Lamport, maelezo rasmi ya programu yenye michakato miwili inayogombea kufuli moja, yaani ruhusa inayoshikwa na mchakato mmoja tu kwa wakati, na shida ilikuwa ile ile.

Maelezo yanayotaja tu hatua zinazoruhusiwa hayamlazimishi yeyote kuzipiga. Mfumo uliosimama kimya milele nao huyatimiza. Ndiyo maana huongezwa sharti la haki. Haki hafifu husema kwamba hatua iliyo wazi, yaani inayoweza kupigwa, mfululizo bila kukatika, haina budi kufanyika. Haki thabiti hudai zaidi: hatua inayofunguka tena na tena bila mwisho, hata ikiwa hufungwa katikati, haina budi kufanyika. Nafasi ya mtoto yule hukatika kila gunia jingine linapomiminwa, kwa hiyo anaweza asisage kamwe na haki hafifu isivunjwe.

TLC, programu inayokagua modeli, yaani maelezo kama hayo, ilinionyesha mzunguko huo: mchakato wa kwanza unaichukua kufuli, unaiachia, unaichukua tena, na wa pili unangoja. Nikabadili WF (haki hafifu) kuwa SF (haki thabiti), herufi moja tu, kosa likatoweka. Furaha ya namna hiyo hunitia shaka. Programu yenyewe haikuwa na foleni. Aliyewahi ndiye aliyepata. Nilikuwa nimeandika ahadi ambayo hakuna mstari wa programu uliokuwa ukiitimiza.

Nikairudisha WF na kuiweka foleni ndani ya modeli. Kwanza nilijaribu namba za zamu, lakini namba hukua bila kikomo na TLC haimalizi kazi, nikaziacha nikapanga majina ya michakato kwa mfuatano wa kufika. Sasa kufuli ikiachiwa, aliye mbele hana wa kumkatiza, na haki hafifu inamtosha, mradi aliyemtangulia naye awe na haki hiyo hiyo katika hatua ya kuiachia.

Mwenye mashine nimemshauri vyombo vipangwe sakafuni kwa mfuatano wa kufika. Amekubali, isipokuwa kwa wenye magunia.