Namna Ninavyovua Perege Ndani ya Magugu

Magugu ndiyo yanayowakimbiza wavuvi wengi wa ndoano kwenye mabwawa madogo ya pembezoni mwa Dar es Salaam. Kwangu mimi, bwawa lisilo na magugu sisimami hata kulitazama. Perege anakula ule utelezi wa kijani unaoota kwenye mashina ya matete, anakula majani laini na vidudu vilivyomo, na humo humo ndimo anamojificha ili ndege wala samaki, mnandi na mdiria, wasimpate. Ukiyakimbia magugu umemkimbia samaki. Kazi ni kujua namna ya kuingiza ndoano humo ndani, kisha kumtoa perege bila kuzoa nusu ya bwawa.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Manzese, na siku yangu ya maji ni Jumapili. Ninakokwenda mara nyingi ni bwawa moja upande wa Chanika, lililobaki baada ya watu kuchimba mchanga. Kina chake pengi hakifiki kiunoni, matete yamelizunguka na mayungiyungi yametanda katikati. Masika yakikatika napanda gari la Mlandizi, nakwenda kwenye vidimbwi vinavyobaki kandokando ya Mto Ruvu. Msimbazi uko karibu na kwangu kuliko kote huko, lakini mto ule unabeba majitaka ya viwandani na majumbani. Samaki wake siwezi kumpa mwanangu.

Perege wa asili wa mito ya ukanda huu, Ruvu, Wami na Rufiji, wataalamu wanamwita Oreochromis urolepis. Sato ni ndugu yake, naye siku hizi anafugwa mpaka huku kwetu. Kwa mvuvi wa ndoano tabia zao zinakaribiana sana: mdomo mdogo, woga mwingi, na kula kwa kunyonyanyonya. Kambale humeza, perege huonja. Mbinu zote nitakazozisimulia zimetokana na hilo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Chanika niliyemkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma kidogo ya ukingo. Mimi nilikuwa na fimbo ya dukani, ile yenye mashine ya kukunjia mshipi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hiyo ni ya baharini hiyo. Hapa haturushi. Hapa tunadumbukiza."

Yeye alikuwa na mwanzi mrefu wa kama mita nne, na mshipi wake ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwanzi wenyewe. Alikuwa anaunyoosha juu ya magugu, anateremsha chambo wima kwenye upenyo usiozidi upana wa sinia, na samaki akishika anainua wima vile vile. Hakuna kuvuta. Ndoano haipiti kwenye majani inapoingia wala inapotoka, sasa itanasa wapi? Tangu hapo fimbo yangu ya dukani naiacha nyumbani.

Mwanzi wangu niliukata mbichi, nikaukausha kivulini ukiwa umefungiwa uzito upande mmoja ili usipinde. Mshipi ni nailoni nyembamba kabisa. Ndoano ni namba 12 au 14, na wanaoanza wajue kwamba namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo. Chubwi ni kipande kidogo mno cha risasi, kinachotosha tu kusimamisha boya. Boya nachonga kwenye soli ya ndala iliyochakaa: kipande chembamba, kirefu kuliko kipana, kilichotobolewa kwa sindano. Watu huweka boya kubwa ili walione kwa mbali. Perege akinyonya chambo akasikia kitu kinamvuta kwenda juu, anatema papo hapo, na wewe hata huna habari.

Kulisoma boya kulinichukua muda kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nasubiri lizame, kama tulivyozoea kwa kambale. Kwa perege mara nyingi halizami. Linatikisika, linatulia, kisha linatembea pole pole kuelekea pembeni. Au linalala ubavu juu ya maji, maana samaki ameinua chambo pamoja na risasi, na boya limebaki halina cha kulisimamisha. Likilala, inua. Kwa kifundo cha mkono tu, usitumie bega. Halafu usimpe nafasi: kichwa chake kikishatazama juu, mpandishe moja kwa moja. Ukimwachia mshipi ulegee kidogo tu anazunguka shina la yungiyungi, na hapo humpati.

Chambo changu ni ugali mgumu uliokandwa na pumba laini na unga wa dagaa. Humo nachanganya nyuzi chache za pamba, ambazo fundi cherehani hazikosi. Pamba inaushika ugali usimeguke kwenye ndoano wakati perege anaudonoa, na kijidonge kimoja kinakaa majini muda mrefu zaidi. Nyungunyungu nao ni wazuri, hasa maji yakichafuka baada ya mvua, ila wanamwita na kambale mdogo, na huyo ana miba mikali kwenye mapezi. Nikifika kwanza natupa konzi moja ya pumba iliyoloweshwa kwenye kila upenyo ninaoutaka, kisha naenda kukaa mbali. Maji ni mafupi, samaki anasikia kishindo cha miguu yako kabla hajakuona, na kivuli chako kikipita juu ya maji umeanza upya.

Kuna jambo la saa ambalo wavuvi wa baharini huwa hawaniamini nikiwaambia. Baharini wanasifia alfajiri. Kwenye bwawa lenye magugu mengi na maji yaliyosimama, alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mchana majani yanatoa oksijeni ndani ya maji kwa sababu ya jua, lakini usiku yanaitumia kama sisi, pamoja na vyote vinavyooza chini. Kunapopambazuka oksijeni imepungua sana, na utawaona perege wamepanda juu wanatweta kwa midomo. Samaki wa namna hiyo hana hamu ya kula. Nikifika saa kumi na mbili ni kwa ajili ya kutafuta mahali tu. Kuanzia saa tatu hivi, jua likishapanda, ndipo boya linapoanza kusema. Jua la saa sita linawasukuma chini ya mayungiyungi, na hapo nazifuata zile penyo zenye kivuli. Saa kumi jioni wanarudi pembezoni. Mtoni, ambako maji yanatembea, tofauti hii ya alfajiri haionekani sana.

Katika maji mafupi yenye mchanga au tope utaona vishimo vya mviringo, vimepangana karibu karibu. Hivyo ni viota. Dume huchimba na kulinda, jike hutaga hapo kisha huyachukua mayai mdomoni na kuyatunza humo mpaka vifaranga viweze kuogelea, na wakati huo wote hali chakula. Dume aliye kwenye kiota atashika ndoano kwa hasira tu, kwa hiyo ni rahisi kumpata. Mimi sitegi hapo. Ni bwawa dogo, samaki wake ni hao hao. Na ninaumia sana kuona vijana wakikokota vyandarua kwenye maji hayo hayo, maana tundu la chandarua halimwachi hata kifaranga wa ukubwa wa kucha. Kanuni za uvuvi zinakataza nyavu za namna hiyo, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, lakini bwawani hakuna askari. Ni sisi tunaokaa pale Jumapili nzima ndio tunaoweza kusema na wadogo zetu, na tukisema kwa upole wengine wanasikia.

Usiingize miguu mitupu majini. Konokono wanaobeba kichocho wanapenda mahali pale pale anapopenda perege: maji mafupi, yaliyotulia, yenye mimea. Vijidudu vinatoka kwa konokono zaidi jua likiwa kali na vinapenya ngozi bila wewe kusikia kitu. Navaa gambuti, na ndoano ikinasa mbali nakata mshipi kuliko kuingia kuifuata. Ukiona damu kwenye mkojo nenda zahanati, dawa yake ipo na inatibu vizuri. Ruvu kuna mamba na viboko, na huko sivui peke yangu wala sikai ukingoni kabisa. Nawauliza wenyeji kwanza. Wakisema mahali fulani hapafai, hapafai, hata kama penyo zake zinapendeza vipi.

Mwezi Juni na Julai, Ruvu ikisharudi kwenye mkondo wake, vile vidimbwi vya pembeni vinakuwa na perege waliotawanyika wakati wa mafuriko wakabaki humo. Maji yanapungua kila wiki, na samaki wanakusanyika kwenye vipande vya magugu vilivyobaki. Kipupwe kinawapoza kidogo, kwa hiyo naanza kuvua hata saa nne, na chambo nakifanya kidogo zaidi.

Perege wa bwawani huwa na harufu ya tope, na wengi wanamkataa kwa hilo. Mimi narudi nao hai kwenye ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, nawaweka kwenye beseni kubwa la maji safi kwa siku nzima bila kuwalisha, nikiyabadilisha maji asubuhi na jioni. Maji ya bomba yenye dawa nayaacha wazi usiku kucha kwanza. Baada ya hapo ni limau na chumvi, kisha mafuta ya moto au tui la nazi.