Mama na hesabu za mkopo wa chuo

Mdogo wangu kapangiwa mkopo leo! Mtaa mzima hapa Mwanjelwa, Mbeya, umesikia vigelegele vya mama.

Kisha tukasoma mchanganuo. Mama kafungua daftari lake la mauzo ya viazi, anaandika: ada, Bodi ya Mikopo inapeleka chuoni. Chakula na malazi, anapewa mtoto.

"Na ada iliyobaki?" mama akauliza.

Kimya.

Mkopo haujafunika ada yote. Hapo godoro na nauli bado (bumu lenyewe, yaani hiyo hela ya chakula na malazi, huwa halina haraka).

Nikamwambia pia kwamba mkopo si zawadi: mdogo wangu akiajiriwa, anakatwa 15% ya mshahara.

Mama kaandika 15, kaizungushia duara, kama deni la mteja msumbufu. Hakusema neno.

Wenye wadogo chuoni, ada iliyobaki mliilipaje? Awamu ngapi?