Glasi ya Shayiri ya Kale

Jumamosi iliyopita, hapa Glasgow, mwenyeji wangu alinimiminia wiski ya Bruichladdich, kiwanda cha kisiwa cha Islay kilichoanzishwa mwaka 1881, iliyotengenezwa kwa shayiri ya kale iitwayo bere iliyolimwa katika visiwa vya Orkney. Suke la bere lina mistari 6 ya punje, tofauti na shayiri ya kisasa ya wiski ambayo kwa kawaida huwa na miwili, na kwa kuwa hukomaa upesi, huweza kupandwa majira ya kuchipua yakiwa yamesonga na bado ikawahi kuvunwa katika kiangazi kifupi cha kaskazini. Udhaifu wake ni kwamba bua lake refu hulala chini upepo ukizidi, na mavuno yake ni haba, jambo linaloeleza bei iliyonifanya niishike glasi ile kwa mikono miwili.

Wiski hii hutiwa chupani ikiwa na asilimia 50 ya kilevi, kwa hiyo funda la kwanza liliniunguza ulimi. Nilipoongeza matone machache ya maji na kuiacha itulie, ikatoka harufu ya ganda la mkate wa moto, na nyuma yake harufu ya kimea cha ulezi alichokuwa bibi akikianika mkekani kwa ajili ya togwa (bibi ambaye, niseme wazi, asingeiruhusu chupa hii kuvuka kizingiti chake). Mwenyeji akaleta mkate wa bapa wa unga wa bere, uliosagwa kwa kinu cha maji huko Birsay, Orkney. Mweusi kidogo, mkavu, wenye ladha ya udongo. Mkate ule niliupenda kuliko wiski yenyewe.